Ramu ya miaka 12 au ya 20?

Ndugu, umeuliza kwa nini ramu (pombe kali ya miwa) iliyokaa pipani Jamaika miaka 12 iuzwe bei moja na iliyokaa miaka 20 Uingereza. Usihesabu miaka tu, uliza pipa lilikaa wapi.

Kwenye joto la Karibi kinywaji hupenya ndani ya mti wa mwaloni na kuchota rangi na ladha upesi. Tena hupotea hewani, takriban asilimia 6 kila mwaka. Uingereza ni kama 2. Piga hesabu: pipa la lita 200 baada ya miaka 12 Jamaika hubaki na lita 95 hivi. Hasara hiyo ndiyo unayolipia, na kwangu bei hiyo ni halali kabisa.

Ila ikikaa muda mrefu mno kwenye joto, ladha ya mti hutawala: ulimi unakauka, uchungu kama chai iliyochemshwa mno. Kwenye baridi kukomaa huenda taratibu, na harufu ya miwa hubaki wazi zaidi.

Kama ni chupa yako ya kwanza, chukua ya Jamaika. Na usiifiche kabatini ukidhani itaendelea kukomaa. Ikishatoka pipani, imekoma.