Saratani ya nyuma ya pua: niliyoyaona kwa kaka yangu

Pole sana mkuu kwa yaliyompata mjomba. Umeuliza kama hii kansa ni ya pua au ya koo, na kwa nini kaandikiwa mionzi badala ya upasuaji. Nimemuuguza kaka yangu kwa ugonjwa huu huu, nakujibu kwa niliyoyaona na tuliyoelezwa na madaktari wake.

Ni koo, ila sehemu ya juu kabisa, nyuma ya pua, juu ya kimeo. Wataalamu wanaiita nasofarinksi. Mgonjwa akipanua mdomo ukamulika tochi, huioni. Mrija wa hewa wa sikio unafungukia hapohapo, kwa hiyo uvimbe ukikua sikio la upande ule linaziba. Kaka alianza hivyo, akapewa dawa ya matone. Baadaye kamasi ikawa na michirizi ya damu, kisha ukatokea mtoki shingoni, mgumu, hauumi. Hospitali aliyokuwa akitibiwa ikamwanzishia dawa za TB ya tezi bila kumkata kipande kidogo cha nyama kwenye mtoki kikapimwe, na hilo linaniuma hadi leo. TB ya tezi ipo sana kwetu, sikatai. Lakini mtu mzima mwenye mtoki shingoni na sikio moja lililoziba anatakiwa aonwe na daktari wa masikio, pua na koo, apitishiwe kamera puani na kipande cha nyama kipimwe.

Chanzo mara nyingi kinahusishwa na virusi vya Epstein-Barr, vilevile vilivyogunduliwa mwaka 1964 kwenye uvimbe wa taya wa watoto wa Uganda aliouchunguza Dkt. Denis Burkitt. Wengi wetu tunavyo tangu utotoni na hatuugui, kwa hiyo kuna mengine yanayochangia: urithi, sigara, na kusini mwa China, ambako ugonjwa umeshamiri, samaki wa chumvi. Kansa yenyewe haiambukizi. Tafadhali msimtengee mjomba vyombo.

Sasa mionzi. Pale ni chini kabisa ya fuvu, jirani na mishipa mikubwa ya damu na ya fahamu, kisu hakifiki kirahisi. Halafu kansa hii inasikia mionzi vizuri. Ikishafika kwenye tezi za shingo kwa kawaida wanaongeza dripu za sisplatini (dawa ya kuua kansa), na hata hapo bado inatibiwa kwa nia ya kuponya, msikate tamaa.

Watamtengenezea kinyago. Plastiki yenye matundu inalainishwa kwenye maji ya moto, inavutwa usoni ikiwa vuguvugu mpaka ishike pua na kidevu chake, na kila akilala mezani inabanwa ili kichwa kisitikisike. Kaka aliogopa sana mara ya kwanza. Mwambieni mapema kwamba anapumua kupitia matundu na akiinua mkono mashine inasimamishwa. Kwa kawaida ni siku 5 kwa wiki, wiki 6 au 7.

Kabla ya kuanza apelekwe kwa daktari wa meno. Jino bovu ling'olewe sasa, maana kung'oa baada ya mionzi kunaweza kuozesha taya. Vidonda vya mdomoni vitakuja, mate yatakauka. Andaeni uji mwepesi wa maziwa, pilipili na ndimu ziwekwe kando. Akianza kupungua uzito haraka, mwulizeni daktari kuhusu mpira wa kulishia, msingoje mpaka hata maji yamshinde.