Pete za mchangani: ni rikazi au amana ya mtu?

SWALI: Assalamu alaykum Shekhe. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, naishi na familia yangu kusini mwa Uingereza, karibu na bahari. Nilipopunguzwa kazini nilinunua ditekta, ile mashine ya kutafutia vyuma, nikawa natoka baada ya Alfajiri kupita ufukweni. Mpaka sasa nimepata pete 11. Nyingi ni za karati 9, moja ya karati 22, na moja imechongwa ndani majina mawili na mwaka 1987. Mbili nimeshaziuza kwa uzito, tukalipa umeme. Rafiki yangu anasema hii ni rikazi, yaani hazina ya kale iliyozikwa, nitoe khumsi (sehemu moja ya tano) basi; tena wenyewe si Waislamu. Moyo hautulii, na mke wangu sijamwambia. Kisheria thamani yake ni ya nani?

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullah. Mwanangu, hukumu ya jambo lako haina ugumu. Kilichoniudhi ni fatwa ya huyo rafiki yako, maana si yeye wa kwanza. Nimeshaisikia kwa wengine, na kila mmoja huitoa kwa raha kama anayegawa halua.

Rikazi ni mali iliyozikwa na watu wa zama za ujahilia. Ndivyo walivyoieleza maimamu wetu wa Kishafi, na ndiyo sababu waliangalia alama zake: chenye dalili ya zama za Uislamu wakakitoa kwenye rikazi wakakipeleka kwenye luqata, yaani kitu cha kuokota. Sasa pete ya 1987! Mwenyewe huenda saa hii anakunywa chai mtaa wa pili kutoka hapo ulipochimba. Na hakuizika. Maji ya huko ni baridi, kidole husinyaa, mafuta ya kujikinga na jua yanateleza, pete ikachomoka na mchanga ukaimeza. Huyo hajaiacha mali yake, imemponyoka.

Hata ingekuwa rikazi kweli, wanaoipenda hadithi ya khumsi hawausomi mlango wake kitabuni mpaka mwisho: inayopatikana katika ardhi ya mtu, mwenye ardhi akiidai, ni yake, si ya aliyechimba. Sheria ya nchi unayoishi nayo, ya 1996, inataka kitu cha dhahabu au fedha chenye miaka 300 na zaidi kiripotiwe ndani ya siku 14 kwa koroneri, ofisa yuleyule anayechunguza vifo vya ghafla. Siku ukiokota pete ya kale ya namna hiyo, hapo ndipo mahali pake, si kwenye kikokotoo cha khumsi.

Hoja ya pili ndiyo mbaya zaidi. Eti wenyewe si Waislamu. Al-Mughira bin Shu'ba, kabla hajasilimu, aliwaua wasafiri wenzake, akachukua mali zao, kisha akaja kwa Mtume (s.a.w.) kusilimu. Akaambiwa: ama Uislamu naukubali, ama mali simo kabisa. Wale walikuwa washirikina, wala hakuna aliyesimama pale kuwadaia. Na Imamu Shafi amesema anayeingia kwa amani hata katika nchi ya vita, si halali kwake kuchukua chochote katika mali zao. Wewe umeingia kwa viza. Viza ni amani, na watoto wako wanasoma shule zao kwa amani hiyo. Huyo rafiki yako akidondosha simu yake kwenye basi la huko, atapiga namba yake akiomba arudishiwe au hatapiga?

Basi fanya hivi. Katika hadithi ya Zayd bin Khalid, Mtume (s.a.w.) alisema ujue mfuko wake na kamba yake, kisha utangaze mwaka, asipotokea mwenyewe, ni shauri yako. Mfuko na kamba ya pete ni yale yaliyochongwa ndani, mihuri ya karati, ukubwa, jiwe, na mahali ulipoitoa. Yaandike yote daftarini, lakini kwenye tangazo sema tu "pete ya dhahabu, ufukwe fulani", mengine ayataje anayedai. Bandika kwenye vibanda vya ufukweni na kwa masonara, weka kwenye kurasa za mji wenu mitandaoni. Ndani ya msikiti hairuhusiwi kutangaza, mlangoni hapana neno, ingawa sidhani mwenyewe atapita hapo. Za bati na shaba zisizo na bei, zitangaze muda ambao mtu angekuwa bado anazitafuta, inatosha. Na za dhahabu usizivae hata kwa kujaribu.

Mwaka ukipita una ruhusa kuzimiliki, kwa tamko, na dhamana inabaki. Mwenyewe akija na pete ipo, ni yake. Ikiwa umeiuza, unamlipa thamani ya siku ulipoimiliki. Hapa ndipo wengi wanapokosea hesabu. Gramu 3 za karati 9 zina dhahabu safi gramu 1 na ushei, na mnunuzi wa vyuma chakavu haoni zaidi ya hiyo gramu. Deni lako litakuwa la pete, pamoja na ufundi wake. Ile yenye majina mawili, ushauri wangu usiiuze kabisa, hata mwaka ukipita. Hakuna sonara wa kukukadiria ile.

Mke wako mwambie leo. Mtume (s.a.w.) amemtaka aliyeokota ashuhudishe muadilifu mmoja au wawili wala asifiche, na katika faida za ushahidi huo ni kwamba ukifa usiku, warithi wasigawane amana ya watu wakidhani ni yako. Tafuta na mtu wa nje pia, lakini anza na yeye. Najua uzito wa bili ya umeme kwa mtu asiye na kazi, na sikulaumu kama nimlaumuvyo aliyekufungulia mlango. Uliza msikitini kwenu kuhusu zaka; mwenye deni na asiye na kipato ana fungu lake, na kulichukua si aibu.

Zile mbili uliziuza kabla ya wakati, bila ya kutangaza. Rudi kwa mnunuzi leo hii, huenda hajaziyeyusha. Akikubali kuzirudisha, zikomboe hata kwa kukopa. Kama zimeshaingia tanurini, mwombe nakala ya risiti yenye uzito na karati, uibandike kwenye daftari, na uzitangaze kama nyingine.

Wallahu aalam.