Popi ya kufuma mwenyewe: nimesemwa na Wazungu, nikasemwa na wetu

Dada mleta mada, pole. Unasema binti yako alikutengenezea ua la popi kwa karatasi nyekundu na gundi, ukalivaa kazini huko Uingereza, na mwenzako akakwambia mbele za watu kwamba umekwepa kuwachangia wanajeshi. Unauliza kama kweli umekosea. Mimi nina miaka kumi na sita huku, na tangu 2018 sijavaa popi ya kopo. Navaa ya kufuma kwa mkono wangu, na kusemwa nimeshasemwa, kwa hiyo nakujibu kwa marefu.

Kwa walio nyumbani wasioelewa tunazungumzia nini: kuanzia mwisho wa Oktoba mpaka tarehe 11 Novemba, siku Vita Kuu ya Kwanza ilipokoma Ulaya, watu huku wanabandika ua jekundu kifuani kukumbuka waliokufa vitani. Wenye shughuli hiyo ni Royal British Legion. Ua halina bei. Unatia ulichonacho kwenye kopo, unachukua ua, na fedha inawasaidia wanajeshi, wastaafu wa jeshi na familia zao. Sasa ukionekana na ua ambalo si lile, mtu haoni ua, anaona kopo uliloliruka. Ukilielewa hilo, hasira inapungua.

Mimi nafanya kea, kazi ya kutunza wazee kwenye makao yao. 2018 tulikuwa na mzee mmoja aliyekuwa askari ujanani, alipelekwa miaka ya hamsini kwenye nchi iliyoitwa Malaya, leo sehemu ya Malaysia. Mikono ilikuwa inamtetemeka. Kila asubuhi ya Novemba anataka popi yake, na kila saa nne popi iko chini ya kiti. Wanaoishi huku wanajua, ile ya karatasi haikai. Wiki ya kwanza ya mwezi njia za miguu zimejaa maua yaliyokanyagwa. Siku moja nikamkuta na tone la damu kwenye shati, pini imemchoma kifuani. Msimamizi akasema basi, pini marufuku.

Mzee hakubishana. Alikaa tu anapapasa ukosi wa koti lake, pale ua lilipokuwa.

Mama yangu Tanga alikuwa mfumaji wa vitambaa. Mliokulia kwenye sebule ambayo makochi yamevishwa, redio imevishwa, hata chupa ya chai ina kitambaa chake, mnaelewa ninachosema. Mimi nilikuwa sipendi, nilifundishwa kwa kufinywa. Lakini mkono hausahau. Usiku ule wa zamu, wazee wamelala, nikatoa uzi mwekundu na ile sindano ya kulabu. Nikaanza na kaduara kadogo katikati, nikapandisha petali moja moja mpaka nne, kila moja pindo lake limejikunja kidogo kama linataka kufunga. Katikati nikashona kifungo cheusi cha koti langu la zamani. Nyuma sikuweka pini. Niliacha kitanzi cha uzi, kikaingia kwenye kifungo cha juu cha koti lake. Nilifumua mara mbili kwa sababu petali zilitoka tano.

Asubuhi nikamvisha. Akalivuta, likakataa kutoka. Akalivuta tena. Akacheka.

Jumapili akaja binti yake. Akalitazama, akaniuliza popi halisi ya baba yake iko wapi. Aliuliza kwa upole ule wa Waingereza ambao ukishauzoea unajua ni kofi. Nikaeleza habari za pini na damu. Akasema anaelewa, ila baba yake maisha yake yote amevaa ile halisi, na je, hii kuna aliyeilipia? Mimi nilikuwa nimetia pauni tano kwenye kopo la mlangoni mwa duka kubwa, lakini utamwonyesha nini mtu? Kopo halitoi risiti. Nilisimama pale na trei ya chai kama mwizi. Mzee ndiye aliyeniokoa, akaweka kiganja juu ya lile ua kama mtu anayefunika kikombe kisiongezwe chai, akasema hili halianguki. Binti akanyamaza. Kabla hajaondoka alinong'ona asante, nikaona imetosha.

Nikarudi nyumbani nimeudhika na lile neno halisi, nikaanza kusoma. Kumbe halisi yenyewe ni hadithi ndefu. Shairi la popi za Flanders, eneo la Ubelgiji lililokuwa uwanja wa vita, liliandikwa 1915 na John McCrae, daktari wa jeshi la Kanada. Mmarekani, Moina Michael, ndiye aliyeanza kuvaa ua hilo kwa ukumbusho. Mfaransa, Anna Guérin, akawashawishi Waingereza, na 1921 zikatolewa popi za kwanza, za kitambaa, kazi ya mikono ya wanawake wa Ufaransa. Zikaingiza zaidi ya pauni 106,000. Mwaka uliofuata Meja George Howson akafungua karakana London, walemavu wa vita watengeneze wenyewe. Scotland walipoona popi hazifiki kwao vya kutosha wakaanza karakana yao Edinburgh, 1926. Mpaka leo ya Scotland ina petali nne na haina jani, ya England ina petali mbili na jani. Ua lenyewe la shambani lina nne. Kwa hiyo siku mwenzako akianza kukuhesabia petali, mwulize anahesabu za nani.

Ila nisimwonee. Wapo watu wanaouza popi bandia mitandaoni na barabarani, fedha inaishia mifukoni mwao, na polisi wameshazikamata zaidi ya mara moja. Anayekutilia shaka si lazima awe na roho mbaya. Ndiyo maana nashika mambo mawili bila mchezo: natia kwenye kopo kwanza, ndipo navaa la kwangu, na siuzi hata moja. Kazini wameshaniomba niwafumie, wengine wanatoa noti. Nawaambia noti ipeleke kwenye kopo, ua njoo uchukue bure. Ukianza kuuza umejitafutia kesi, maana Legion wanailinda alama yao, na umempa haki yule aliyekusema.

Basi, kusemwa na Wazungu ndiyo huko. Kwa wetu ndiko kulikoniuma. Baada ya ibada ya Watanzania, tumeshika sahani za pilau, kaka mmoja ninayemheshimu akanigusa ua kwa kidole. Akasema, "Dada yangu, na wewe umevaa ua la mkoloni? Tena umelifuma mwenyewe, hukulazimishwa!" Watu wakacheka. Nikacheka nao, pilau ikanikwama.

Sikuwa na jibu siku ile. Ninalo sasa.

Bibi mzaa mama alikuwa na ami yake aliyechukuliwa kubeba mizigo wakati wa vita vya Mjerumani. Alikuwa kijana tu, hajaoa. Hakurudi. Upande gani alibebea mizigo, hakuna aliyejua, kwa sababu Tanga ilishikwa na Mjerumani mpaka 1916, kisha akaingia Mwingereza, na wote wawili walikuwa wanakamata watu vijijini. Bibi alikuwa akisema "alikwenda Kariakoo," mimi mtoto nikidhani ni sokoni Dar. Miaka mingi baadaye ndipo nikajua kwamba jina la mtaa ule ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Mwingereza, limelainishwa na midomo yetu. Nairobi wanayo Kariokor, ni neno lile lile. Waingereza peke yao walichukua watu wapatao milioni moja, na wapagazi zaidi ya 90,000 walikufa, wengi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Wakati Dar tuna Sanamu ya Askari, iliyosimama pale tangu 1927, yule mpagazi wa kwetu hana hata jiwe lenye jina lake. Na si sisi tu tunaosema hivyo. 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri na kuomba radhi: waliokufa wasiopungua 116,000, pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa.

Kaka, kwa hiyo ndiyo, ua la kwenye kopo ni la kwao, nami nalichangia kwa sababu ya yule mzee wangu wa kazini na wenzake. Hili nililofuma nimelifuma mwenyewe ili nichague nani awemo. Ami wa bibi yumo. Ningevaa lile la karatasi, ningekuwa namwombea nafasi kwenye orodha ya watu wengine. Huyu nimemshonea yake, kwa kulabu ya mama. Anayetaka kuvaa jeupe la amani avae, lipo tangu 1933. Asiyetaka lolote asivae, na hapo hata Legion wenyewe wanasema ni hiari ya mtu.

Dada, kuhusu la binti yako: vaa. Litaloa mvua siku moja na litakwisha, kwa hiyo lipige picha kwanza. Mpeleke mtoto kwenye kopo atie sarafu kwa mkono wake, ajue ua na mchango ni vitu viwili na vyote amevifanya. Yule mwenzako akirudia, mwambie "nimeshachangia, hili kanipa mwanangu," kisha endelea na kazi. Usimpe historia yote hii, mimi nilijaribu mara moja kwenye chumba cha chai, watu wakatoka mmoja mmoja.

Na ujiandae, maana mimi nasemwa hata kwa tarehe. Huku ikipita tarehe 11, au ile Jumapili ya kumbukumbu, maua yanavuliwa, mapambo ya Krismasi yanapanda. Mimi navua tarehe 25. Ulaya bunduki zilinyamaza 11 Novemba 1918, lakini habari zilimfikia Jenerali von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Mjerumani huku kwetu Afrika Mashariki, siku chache baadaye porini, na alikuja kuweka silaha chini rasmi tarehe 25, Abercorn, ambayo leo ni Mbala, Zambia. Alikuwa bado na askari Waafrika zaidi ya 1,000, na wapagazi wao nyuma, mizigo kichwani.

Mwaka jana, ilikuwa kama tarehe 20, dereva wa basi akaninyooshea kidole kifuani. "Mama, hiyo imeshapita wiki nzima."

Nikamwambia, kwetu bado. Akanitazama, akakata tiketi.