Maswali Yenu: Kwaya ya Chuo Inapobadilisha Mwalimu

Majibu ya mwezi huu ni ya jopo letu la walimu wa kwaya. Barua zimefupishwa.

SWALI: Nimechaguliwa kuwa mwalimu wa kwaya ya chuo nikiwa mwaka wa pili. Aliyenitangulia alihitimu Julai, na nyimbo zote zilikuwa kichwani mwake. Nikileta wimbo mpya, kaka na dada wa mwaka wa tatu wanasema "sisi hatukuzoea hivyo", kisha wanapiga soga mazoezi yakiendelea. Nifanyeje nisionekane najikweza?
Mwalimu Mpya, Morogoro

JIBU: Mwalimu, mara nyingi kinachowasumbua wenzako si wimbo. Mtu aliyeimba miaka miwili kwa kusikiliza tu, ukimshikisha karatasi ya solfa (noti zilizoandikwa kwa herufi za do, re, mi) mbele ya mwaka wa kwanza, anaogopa kujulikana kwamba hajui kusoma. Soga ni kinga yake. Kwa hiyo mwezi wa kwanza usilete wimbo mpya kabisa. Kusanya wa zamani.

Katika kila sauti (soprano, alto, tena na besi) mtafute mmoja wa mwaka wa tatu mwenye uhakika. Mpe do kwenye kinanda, mrekodi kwa simu akiimba peke yake, na aanze kwa kutaja: "Besi, do ni G." Msipofanya hivyo kila mtu ataanzia anapopenda, na rekodi nne hazitakutana. Kisha anayejua solfa aziandike. Hapo ndipo makosa huingia. Kile kialama kinachokaa chini ya herufi kuonyesha noti ya chini kikisahaulika, besi wapya watapanda juu na kuwavamia waimbaji wa tena. Nukta mbili hutenganisha mapigo, nukta moja hugawa pigo nusu kwa nusu; mwandishi akizichanganya, wimbo unapinda. Karatasi iimbwe kwanza na wale wenye wimbo, ndipo utoe nakala. Kwa njia hiyo uliokuwa unawaogopa wanakuwa walimu wako, na solfa wanaianza bila kuaibishwa.

Wimbo mpya uje mwezi wa pili, mmoja tu. Usiitishe kura ya kuupenda kabla haujaiva. Mazoezi ya saa mbili yagawe hivi: dakika 10 kupasha sauti, 35 kila sauti kivyake na kiongozi wake, 40 kuunganisha, 25 nyimbo za zamani, 10 matangazo (na matangazo yakae mwisho, maana yakitangulia hula nusu saa). Anza kufundisha ukurasa wa mwisho. Kwaya nyingi za chuo huimba ubeti wa kwanza vizuri sana na kubahatisha mwisho, kwa sababu kila siku wanaanzia juu na muda unawaishia katikati.

Ukisahihisha, taja sauti na mahali, usitaje mtu: "Besi, mstari wa pili, fa imekuwa mi." Kaka akirudia kosa, mfuate baada ya mazoezi, si mbele ya wadogo zake.

SWALI: Uchaguzi wetu hufanyika Novemba, viongozi wa zamani wakiwa wameshaondoka. Kila mwaka tunaanza upya.
Katibu, Dodoma

JIBU: Uhamisheni uwe muhula wa pili, kabla joto la mitihani halijapanda. Anayeondoka abaki hadi ahitimu, lakini wimbo mmoja aufundishe mrithi wake tangu mwanzo hadi mwisho, yeye akiwa amesimama kwenye safu yake anaimba tu. Akiona kosa, amwambie mrithi baadaye. Kazi hii ni ngumu kwa anayeondoka kuliko kwa anayeingia.

Mkabidhiane kwa maandishi: nakala za nyimbo, rekodi, sare kwa idadi na saizi, ufunguo wa stoo, uendeshaji wa kundi la WhatsApp. Kinachosahaulika zaidi ni laini ya simu ya kukusanyia michango. Ikiwa imesajiliwa kwa jina la mhitimu, basi fedha za kwaya zinahitimu naye, hata kama ni mwaminifu. Bora akaunti ya kikundi yenye watia saini watatu, wawili kati yao wakiwa bado na mwaka mmoja au zaidi chuoni.

Kwaya haifi kwa kuondokewa. Kikundi cha The Whiffenpoofs cha Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, kilianza 1909, na desturi yake ni kubadilisha waimbaji kila mwaka.

SWALI: Soprano wetu ni 18, waimbaji wa tena ni watatu tu. Tukianza do ikiwa F, tunamaliza karibu na E. Wa zamani wanawalaumu wageni.
Alto, Mbeya

JIBU: Dada, wageni wasilaumiwe kabla hamjapima. Bonyeza do kwenye kinanda kila mwisho wa ubeti uone sauti inaanzia wapi kushuka. Mara nyingi ni pale noti moja inaporudiwa mara nyingi, au mnaposhuka mi-re-do kwa hatua pana kupita kiasi. Mi na ti ndizo huimbwa chini zaidi. Pumzi fupi na chumba chenye joto huongeza tatizo.

Idadi nayo inachangia. Tena watatu wakizidiwa hupiga kelele, koo linakaza, na noti inashuka. Wawekeni mbele katikati, besi wawe nyuma yao, soprano wagawanyike pande mbili na kupunguza sauti hadi kila mmoja awasikie waimbaji wa tena. Alto mwenye sauti ya chini anaweza kuwasaidia waimbaji wa tena kwenye noti za juu, asilazimishwe kuwafuata chini kabisa. Mkikosa hata hao watatu siku ya tukio, chagueni nyimbo za sauti tatu.

Kabla ya yote hayo, jaribuni wimbo uleule mkiupandisha nusu hatua, do iwe F kali. Kuna nyimbo zinazoacha kushuka hapohapo, kwa sababu noti ngumu zinahama kutoka pale koo linapobadilisha sauti ya kifua na ya kichwa.