Kwa binti wa Kisauni anayetaka kuchimbua mambo ya kale

Juzi usiku binti mmoja wa Kisauni aliniandikia. Amemaliza kidato cha nne, babake anataka asomee uuguzi, lakini roho yake iko kwenye akiolojia. Anauliza kama huko kuna maisha. Namjibu hapa, kwani najua hata wewe umewahi kusimama kwenye magofu ya Jumba la Mtwana ukatamani kujua nani alilala chumba kile.

Maisha yapo, mwanangu. Mimi yalinianzia Fort Jesus, ngome ya kale ya Mombasa, nikiwa darasa la sita, mbele ya vitu vilivyoopolewa kwenye Santo António de Tanná, meli ya Wareno iliyozama hapo chini ya ngome mwaka 1697. Siku ile sikusikia hata mwalimu akituita. Chuo na mahangaiko ya karo nayaruka.

Kwenye uchimbaji wangu wa kwanza nilikabidhiwa mifuko ya vigae, yaani vipande vya vyombo vya udongo na kaure. Kila mfuko huandikwa shimo, tabaka la udongo (la chini kwa kawaida ndilo la kale zaidi) na tarehe. Mimi nikaandika kwa wino, tena nje ya mfuko tu. Usiku mvua ya masika ikaingia hemani. Asubuhi mifuko minne ilikuwa na madoa ya buluu, haisomeki. Niliona haya kusema. Nikakisia: vigae vyenye michoro ya pembetatu nikaviandikia tabaka la chini, vya kaure ya Kichina la juu, maana ndivyo nilivyosoma vitabuni. Siku ya tatu chakula kilinikataa, nikaenda kwa mkuu wetu nikakiri. Mifuko yote minne ikaondolewa kwenye hesabu.

Ukipanga vigae kwa kufuata kitabu, shimo haliwezi tena kukisahihisha kitabu. Na vitabu vyetu vilihitaji kusahihishwa! Wasomi wengi wa zamani walishikilia kwamba miji ya pwani ilijengwa na wageni. Miaka ya 1980, kule Shanga kisiwani Pate, mwanaakiolojia Mark Horton na wenzake walichimba chini ya msikiti wa mawe wakakuta misikiti midogo ya miti na udongo, mmoja juu ya mwingine, ya mwanzo ikiwa ya karne ya 8. Mji ulikua palepale, kidogo kidogo. Matabaka yale yangechanganywa, nani angejua?

Kwa hiyo andika kwa penseli. Kibandiko kimoja ndani ya mfuko, kimoja nje. Andika siku hiyohiyo, hata kama mgongo unakuuma.

Na jina lako liandike pia. Kuna michoro ya kuta niliyoipima kwa futi mwezi mzima juani, ikatoka kwenye ripoti bila jina langu. Nilipouliza, nikaambiwa wanafunzi hawatajwi. Bado inaniuma. Tia jina na tarehe kwenye kila karatasi, ubaki na nakala.

Kazi nyingi ni za mkataba, miezi mingine hakuna shimo. Hata hivyo usichimbe kamwe bila leseni, na sarafu ya kale usiinunue wala usiiuze. Sheria ya Kenya ya makumbusho na urithi, ya 2006, inakataza hayo bila kibali, na kila sarafu inayong'olewa gizani imeshapoteza tabaka lake, kama ile mifuko yangu.

Babako mwombe aje nawe Jumamosi asubuhi, langoni mwa ngome. Nitamwonyesha vitu vya ile meli, na maswali yake nitamjibu mwenyewe.