Jibu: Si kila mara shamba lilikwenda lote kwa kifungua mimba

Ndugu, umeuliza kama kwa wakulima wa mwanzo wa Marekani shamba lote lilimwendea mtoto wa kwanza wa kiume. Inategemea koloni. Virginia ndivyo ilivyokuwa baba akifa bila wosia, hadi sheria ya 1785 ilipoufuta utaratibu huo. Massachusetts, sheria ya 1641 ilimpa mkubwa mafungu mawili, wenzake fungu moja moja.

Lakini utamu uko kwenye wosia wenyewe. Mjane alikuwa na haki ya kutumia theluthi ya ardhi maisha yake yote, ila si kuiuza. Wazee wengi, nadhani hawakuwaamini sana vijana wao, waliandika kila kitu: mama apewe chumba fulani, aruhusiwe kutumia jiko na kuchota maji kisimani, apate ng'ombe wa maziwa, na kuni zifikishwe mlangoni zikiwa zimeshapasuliwa. Mabinti mara nyingi waliambulia mifugo, vitanda na shuka, tena vingine walishapewa walipoolewa. Na huko Virginia, watumwa nao waligawiwa kwenye wosia, hata familia zikatenganishwa.