Aliahidi kwa padri, gharama nikalipa mimi

Wiki hii msomaji wa Arusha kaniandikia. Anaolewa Desemba na mwanaume wa dhehebu lingine, na kila akiuliza watoto watasali wapi, mchumba anamjibu, "Tutaona mbele ya safari." Moyo ulinipasuka. Jibu hilohilo nilipewa mimi miaka tisa iliyopita, hapa Belfast, Ireland ya Kaskazini.

Mimi ni Mwanglikana wa Muheza. Kwetu Mkatoliki na Mwanglikana wanaoana, wanapikiana, wanazikana. Mume wangu ni Mkatoliki wa Belfast magharibi. Nilipofika huku ndipo nikajua kumbe Uanglikana wangu una upande, ule wa Waprotestanti, na upande huo una mitaa yake, shule zake na bendera yake. Kuta za kutenganisha mitaa ya Wakatoliki na ya Waprotestanti zilianza kujengwa 1969, wakati wa mapigano ya pande hizo. Mkataba wa amani ulipatikana 1998, na kuta nyingi bado zimesimama.

Kabla ya ndoa, padri alimtaka mume wangu aahidi kufanya kila awezalo watoto wabatizwe Wakatoliki. Nilikuwa nimekaa palepale. Nikadhani ni utaratibu tu, nikatabasamu. Zamani tungepaswa kuahidi sote wawili, mpaka Papa Paulo VI alipolegeza 1970. Baadaye nikasoma habari za Fethard-on-Sea, kijiji cha Wexford, Jamhuri ya Ireland. Mwaka 1957 Sheila Cloney, Mprotestanti aliyeolewa na Mkatoliki, alishinikizwa kuwapeleka binti zake shule ya Kikatoliki. Akawachukua akaondoka. Wakatoliki wa kijiji wakasusia maduka ya Waprotestanti, watu ambao hawakuhusika hata kidogo. Mume na mke walirudiana, na wasichana wakasomeshwa nyumbani. Nilimlilia mama yule kama ndugu yangu.

Kwa sababu mimi nami yalinikuta, mtoto akiwa na wiki tatu. Niliingia chumbani nikakuta gauni la ubatizo limetandazwa kitandani: kitani, lasi yake imegeuka rangi ya chai, limepigwa pasi likanyooka. Limebatiza ukoo mzima wa mume wangu. Tarehe imeshapangwa, wageni wameshaalikwa, na mimi, kidonda cha upasuaji hakijakauka, ndiye wa mwisho kujua. Mama mkwe simlaumu, alifanya alichozoea. Aliyenyamaza ni mume wangu. Ukimya ule unaniuma hata sasa ninapoandika.

Usiku ule nilichukua karatasi, nikamwambia kila mmoja aandike alichoacha kwa ajili ya ndoa hii. Mimi niliandika nchi, lugha, kazi, kanisa langu, mama yangu. Yake ilibaki nyeupe. Aliitazama muda mrefu, kisha akainua simu akampigia mama yake mwenyewe. Ubatizo ukasogezwa mpaka mama yangu akapata viza, na mtoto alivaa gauni lile huku kafungwa kanga ya bibi yake wa Muheza. Shule tulichagua pamoja, ya mchanganyiko, wanakosoma watoto wa pande zote. Ya kwanza ya namna hiyo huku, Lagan College, ilifunguliwa 1981 na wanafunzi 28. Najivunia uamuzi ule kuliko harusi yenyewe.

Mdogo wangu, usingoje mtoto. Mapenzi hayapangi tarehe ya ubatizo, watu ndio hupanga. Kaeni na karatasi mbili Jumapili hii, mwandike kila mtu anaacha nini. Yake ikibaki nyeupe, usichapishe kadi kwanza.